Tulienda Nairobi kuona kompyuta, tukaonyeshwa madeni

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya safari, kwa hivyo nitaanza na pesa. Watu wakinikuta huniuliza tuliona nini Nairobi, tuliingia kampuni gani, tulipiga picha na nani. Hayo nitayafikia. Lakini darasa lenu likiamua kwenda kutembelea kampuni za teknolojia, kufika au kutofika kwenu kutategemea nani anatoa, anatoa lini, na pesa zikishatolewa zinakaa kwa nani.

Sisi ni wanafunzi wa biashara, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja hapa Mombasa. Chuo kiliahidi kuchangia, na sisemi kilidanganya, ila pesa za chuo hutembea kwa miguu. Fomu ilitoka kwa mkuu wa idara ikaenda kwa mkuu wa kitivo, ikarudishwa kwa sababu ya muhuri, ikapelekwa kwa mhasibu, ikakuta mhasibu ameenda likizo. Mchango wenyewe ulitufikia tukiwa tumesharudi zamani. Pigeni hesabu kana kwamba chuo hakitatoa hata ndururu. Kikitoa baadaye, mtagawana.

Michango yetu wenyewe tuliikusanya kidogo kidogo kwa M-Pesa kuanzia Januari, mia mbili leo, mia tatu wiki ijayo, ikiingia kwenye simu yangu na ya naibu wangu. Hapa naomba msituige. Naibu wangu alikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na wanaoitumia wanajua inavyokwenda: ukishakopa, shilingi yoyote inayoingia kwenye simu hukatwa kwanza kulipia deni. Michango ya wenzetu ikawa inaingia na kuzama humo humo. Hakuna aliyeiba, lakini nenda kawaeleze watu hivyo kwenye kundi la WhatsApp saa nne za usiku. Minong'ono ikaanza, mmoja akaandika kwamba kamati inajenga Nyali, mtaa wa matajiri, na kwa muda nikawa naogopa hata kufungua simu. Ghadhabu ilipotulia tukafungua akaunti ya kikundi benki, yenye watia sahihi watatu, mmoja wao mhadhiri. Kila Jumapili nikawa nabandika taarifa ya akaunti kwenye kundi, hata kama hakuna aliyeiulizia. Asiyeiulizia leo ndiye atakayekuja na maswali siku ya kulipa gari.

Treni haikutusumbua. Madaraka Express daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,500 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Nauli ilipandishwa kutoka 1,000 mwanzoni mwa 2024, na bajeti tuliyorithi kwa darasa la mbele yetu bado ilikuwa na ile ya zamani, kwa hivyo angalieni nauli ya leo, si ya kwenye faili. Kilichotumaliza ni gari la kuzungukia mjini. Unakubaliana na mwenye matatu bei ya siku, unaona umemaliza, kumbe ndiyo kwanza. Ada ya Expressway, ile barabara ya kulipia, ni ya nani? Maegesho ni ya nani? Dereva na utingo wake wanakula kwa nani? Mkichelewa hadi saa tatu usiku, hiyo ni siku moja au siku na nusu? Andikianeni haya yote kabla gari halijawashwa, hata kama ni kwa ujumbe mfupi wa simu.

Na wapo wenzetu ambao hawakuja. Si wagonjwa wala si wavivu, walikosa pesa tu. Kamati nzima ilijua, na kamati nzima ikanyamaza kwa haya, kila mmoja akijifanya haoni. Tulipokuwa Nairobi tukirusha picha kwenye kundi, wao walikuwa kwenye kundi hilo hilo. Tungeweza kuongeza shilingi chache juu ya mchango wa kila mtu tangu mwanzo, tukaziita dharura, na mwalimu mmoja tu akajua zimemlipia nani. Haikuwa vigumu. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyataja hapa.

Sasa barua. Orodha ya kampuni tuliyokabidhiwa ilikuwa na marehemu ndani yake. Sendy, iliyokuwa ikiwaunganisha wenye mizigo na wenye malori na pikipiki, ilifunga 2023. Copia, iliyokuwa ikiwauzia watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala wenye maduka, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Kampuni ikifa hakuna anayebaki kujibu baruapepe kukwambia imekufa. Unangoja tu, unamlaumu Mungu, unatuma ukumbusho. Kabla ya kuandika chochote tafuta habari za miezi ya karibuni za kila jina.

Kwa zile zilizo hai, barua yetu ya kwanza ilikuwa ya chuo kweli kweli: muhuri, kumbukumbu namba, na sentensi ndefu ya "kupanua upeo wa wanafunzi wetu katika ulimwengu wa kidijitali." Tuliituma kwenye anwani za jumla za kila kampuni. Kimya. Ukijiweka katika nafasi ya anayeipokea utaelewa: upeo wa mtu unapanuliwa saa ngapi, katika chumba gani, na nani?

Iliyofua dafu ilikuwa fupi. Tulisema tu wangapi, siku gani tatu zinatufaa, na kwamba tungependa kuzungumza na mtu wa mikopo, mtu wa huduma kwa wateja na mtu wa hesabu, nusu saa kila mmoja. Tukaongeza kwamba hatuhitaji chakula wala zawadi, na kwamba tuko tayari kugawanyika makundi mawili, kwa sababu kampuni nyingi chipukizi hazina chumba cha kuingiza darasa zima. Na hatukuituma tena kwa anwani ya jumla. Tuliwatafuta waliosoma chuo chetu ambao sasa wanafanya kazi Nairobi, LinkedIn na kwa kuulizana, tukawaomba waipeleke kwa mkono. Mtu wa kwenu aliye ndani, hata kama yuko kitengo cha chini kabisa, anaweza kukufungulia mlango ambao muhuri wa chuo umeshindwa kuufungua. Majibu yalianza kuja wiki ile ile.

Safarini sina mengi. Mizigo ikapangwa mstari pale Miritini mbwa wakaipitia wakinusa, wenye buibui wakarudi nyuma hatua kadhaa, mlio wa treni, Tsavo, tembo wekundu wa vumbi, watu wakalala. Tuliposhuka Syokimau usiku tukakutana na baridi ya Julai. Nilikuwa nimewaandikia watu mara kadhaa: njooni na sweta. Wavulana walikuja na suti za kuazima na fulana nyembamba ndani. Kesho yake suti hizo zilitutia aibu ya aina nyingine. Tulipofika lango la kampuni ya kwanza soja akatutazama, akauliza kama sisi ni watu wa KRA, yaani watu wa kodi. Aliyetoka kutupokea, mkubwa wa kitengo kizima, alikuwa na jinzi na raba.

Suti ni mzaha tu, vitambulisho si mzaha. Kila jengo la ofisi Nairobi litakuandika langoni, na mengine yatabaki na kitambulisho chako hadi utoke. Mwenzetu mmoja alikuwa na karatasi ya kungojea kitambulisho. Pwani mtu kungojea kitambulisho muda mrefu si jambo la ajabu. Hapo langoni lilikuwa la ajabu. "Hii si kitambulisho, boss," soja akamwambia, na hakuwa mkali, alikuwa na amri tu. Tulimwacha nje na mhadhiri mmoja karibu saa nzima, mpaka mwenyeji akashuka mwenyewe. Tumeni majina na nambari za vitambulisho siku kadhaa kabla, na asiye nacho ajulikane mapema ili mwenyeji aandike ruhusa yake.

Halafu pangeni ziara kwa mtaa. Ofisi za namna hii zimetawanyika. Makao makuu ya Safaricom yako Waiyaki Way kule Westlands, Ngong Road na Kilimani ndiko kituo cha ubunifu cha iHub kilikoanzia 2010 na kampuni chipukizi nyingi bado ziko pande hizo, na maghala yako Industrial Area na kandokando ya Mombasa Road. Konza nayo, mji wa teknolojia unaojengwa na serikali, uko kilomita kama 60 nje ya Nairobi, kwa hivyo huo ni wa siku yake peke yake. Sisi siku moja tulipanga ghala Industrial Area asubuhi na ofisi Westlands mchana. Kwenye ramani ni karibu. Mvua ikaanza. Tulipofika, mtu wa hesabu aliyekuwa ametengewa sisi alikuwa ameingia mkutano mwingine, na ndiye tuliyekuwa tukimtaka kuliko wote. Siku moja, mtaa mmoja. Ijumaa wekeni nafasi kati ya saa sita na saa nane mchana, na muwe karibu na mjini ili wanaoswali wafike Msikiti wa Jamia bila kukimbia. Hatukuligombania hilo, tuliliandika kwenye barua tangu mwanzo na wenyeji hawakuona tabu.

Ziara ya kwanza, ya kampuni kubwa, ilikwenda kama zote zinavyokwenda. Ukumbi wenye kiyoyozi, slaidi, historia ya kampuni, maadili sita ya kampuni, maji ya chupa, picha ya pamoja. Mtoa mada alikuwa mchangamfu na hakutwambia chochote ambacho hakipo kwenye taarifa yao ya mwaka. Tulipiga makofi. Jioni Mwalimu, mhadhiri aliyetuongoza, akatuuliza kila mmoja ataje jambo moja ambalo asingelijua kama angebaki Mombasa, na ukumbi wa bweni tulilokodi ukanyamaza. Akatwambia kesho hakuna kuuliza "mlianzaje" wala "mna ushauri gani kwa vijana." Kila mtu aandike swali moja linaloanza na pesa: mteja akilipa mia moja, inakwenda wapi?

Swali hilo ndilo lililoibadilisha safari.

Kampuni iliyofuata inauza simu kwa mkopo wa kulipa kila siku. Ziko kadhaa za namna hiyo siku hizi. Iliyotangulia kujulikana ni M-KOPA, iliyoanza na taa za sola 2012, lakini tulikoingia siko huko. Utaratibu ni ule ule: unatoa malipo ya awali, unaondoka na simu, kisha kila siku unatuma kiasi kidogo kwa M-Pesa. Usipotuma, simu hujifunga yenyewe mpaka utakapolipa. Tulidhani tutaonyeshwa wahandisi. Wapo, tuliwaona nyuma ya kioo, wachache, wametulia na vipokea sauti vyao masikioni. Kisha tukapandishwa ghorofa ya juu, na huko ndiko ilikokuwa kampuni.

Ni ukumbi mrefu wa meza, na kila meza mtu na simu. Tuliambiwa tuzime kamera zetu kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, maana majina na madeni ya watu yako kwenye skrini. Nilisimama nyuma ya msichana wa umri wangu. Kando ya kibodi yake palikuwa na peremende za mnanaa na karatasi yenye mistari ya kalamu, mstari mmoja kwa kila simu iliyopokewa. Alikuwa akizungumza Kiswahili cha taratibu sana. "Mama, tulikubaliana Ijumaa. Leo ni Jumanne. Niambie tu ukweli, tufanye lini?" Akanyamaza, akasikiliza kwa muda mrefu. "Pole sana kwa hayo. Sasa hata hamsini?" Akaandika tarehe mpya, akachora mstari, akafungua peremende, akapiga nyingine.

Mwenyeji wetu, dada mmoja asiyependa maneno mengi, alituacha tusikilize kwanza. Ndipo mwenzetu mmoja, mpole, ambaye tangu Mombasa hakuwa amefungua kinywa, akainua mkono. Akasema: bei ya simu hii dukani naijua, na nimepiga hesabu ya malipo ya kila siku hadi siku ya mwisho, imezidi sana. Je, mnauza simu au mnauza mkopo?

"Tunauza mkopo," yule dada akajibu bila kusita. "Simu ndiyo dhamana. Mtu hana hatimiliki, hana hati ya mshahara, benki haimwangalii. Simu tunaweza kuifunga tukiwa hapa. Ile ziada mnayoiona inalipia watakaolipa kwa kuchelewa na watakaokataa kabisa, na inalipia hawa mnaowaona wakipiga simu."

Yule mwenzetu hakukaa. Akaeleza kwamba shangazi yake aliwahi kupigiwa simu na watu asiowajua, wakimdai deni la jirani aliyekopa kwenye programu ya simu, kwa kuwa tu nambari yake ilikuwa kwenye orodha ya jirani. Walimtukana. Chumba kilipoa. Nilimwona Mwalimu akishika miwani yake. Yule dada hakujitetea. Alisema mchezo huo ulikuwepo sana, kwamba kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu wasiohusika na deni, na kwamba kazi yake nusu ni kuhakikisha walio kwenye ukumbi ule hawatelezi hata wakitukanwa wao. Kisha akaacha ratiba, akatuketisha, akatueleza kwa nusu saa jinsi wanavyoamua nani apewe na nani anyimwe.

Mimi nilikuwa nikimfikiria baba. Ana duka Kisauni, na chini ya kaunta kuna daftari la madeni lenye mafuta kila ukurasa. Baba hampi kila mtu unga kwa mkopo. Anajua nani hulipa mwisho wa mwezi, nani hulipa meli ikiingia, nani hulipa akikumbushwa mbele ya mkewe. Pale juu nilikuta daftari lile lile, ila limeandikwa na kompyuta na lina watu wengi mno kuweza kujulikana kwa sura. Bei ya kutowajua kwa sura ndiyo ule ukumbi mzima wa simu.

Usiku Mwalimu akatuongezea la M-Pesa ambalo kwenye slaidi za siku ya kwanza lilipitwa upesi. Kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, ilifanyiwa majaribio kuanzia 2005, Nairobi na Thika, na kilichokuwa kikijaribiwa ni njia ya wateja wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha marejesho yao kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na waanzilishi wakawafuata watu walikokwenda. Hata huko, basi, mlango wa kuingilia ulikuwa deni. Sisi watu wa Mombasa tuna kinyongo kidogo na Nairobi juu ya mambo haya, maana kebo za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS za 2009, zilitua pwani kwetu na ofisi zikatua kwao. Baada ya siku ile kinyongo changu kilipungua. Nilichokiona kikihitajika zaidi ya kebo ni watu wa kukopesha kwa akili na kukusanya kwa adabu.

Ndiyo maana nawashauri mwombe kitengo cha huduma kwa wateja na kitengo cha makusanyo kabla ya kuomba chumba cha wahandisi. Mwanafunzi wa biashara akisimama nyuma ya mhandisi anaona skrini nyeusi yenye maandishi na anatikisa kichwa. Akisimama nyuma ya anayedai deni anaona bei, hatari, sheria na mteja, vyote kwa dakika kumi.

Ghala sitalisimulia sana. Harufu ya vitunguu, kreti za plastiki, mzani, na kijana anayetoa vilivyooza na kuviandika. Wengi walichoka wakatoka nje. Waliobaki walijifunza kwamba kilo zinazopotea kati ya shamba na duka ndizo zinazokula faida, na kwamba programu nzuri ya simu haizuii kitunguu kuoza.

Mazungumzo mazuri kuliko yote hayakuwa kwenye ratiba. Kupitia mhitimu wetu mmoja tulimpata bwana aliyewahi kushika hesabu katika kampuni ya kusambaza bidhaa iliyokwisha kufunga. Alikuja bwenini jioni, hakutaka tutaje jina lake wala la kampuni, akaomba chai ya tangawizi. Alichukua kalamu akatuandikia oda moja: thamani ya bidhaa, faida juu yake, mafuta ya pikipiki, mshahara wa mpeleka mzigo, oda zinazorudishwa. Jumla ikatoka hasi. "Kila tulipouza zaidi, tulipoteza zaidi," akasema. Pengo lilikuwa likizibwa na pesa za wawekezaji wa nje. Riba zilipopanda Marekani na Ulaya kuanzia 2022, wawekezaji wakaanza kushika mifuko, na pengo likabaki wazi. Tulimuuliza kama hawakujua. Akasema walijua, waliamini wingi wa wateja utapunguza gharama ya kila safari, na katika mitaa iliyobanana ulipungua kweli, lakini wateja wao wengi walikuwa mbalimbali. Hakutukatisha tamaa. Aliongea kama mtu anayesimulia mechi aliyofungwa. Kama mna nafasi ya ziara chache tu, punguzeni moja ya slaidi mtafute mtu kama huyo. Hagharimu kitu zaidi ya nauli na chai, na anaweza kusema yale ambayo aliye kazini hawezi.

Wa pili asiyekuwa kwenye ratiba alikuwa wakala wa M-Pesa karibu na bweni letu, upande wa Kawangware. Tulikwenda wengi kwa pamoja kutoa pesa za kumlipa dereva, akatwambia hana. "Shikamoo mama," mmoja wetu alikuwa amemwamkia, na yule mama akacheka mpaka akashika kaunta. "Nyinyi ni wa Pwani. Huku hakuna mtu hunisalimia hivyo." Basi akatufungulia hesabu zake. Wakala ana pesa za aina mbili, za mkononi na za kwenye simu, yaani floti. Mtu akiweka, mkononi panaongezeka na floti inapungua. Mtu akitoa, kinyume chake. Asubuhi watu wake hutoa, nauli na matumizi. Jioni wenye biashara huweka. Akiishiwa upande mmoja, duka limefungwa hata kama mlango uko wazi, na mteja huhamia kwa jirani. Kwa hiyo asubuhi humkopa mwenye bucha ya pembeni, na jioni humrudishia.

"Anakutoza?" nikamuuliza.

"Hapana. Yeye akikosa floti ya kulipia ng'ombe, mimi namwekea."

Mwalimu aliandika hilo kwenye daftari lake. Sikumwona akiandika kitu kwenye ile ziara ya ukumbi wenye kiyoyozi.

Mkirudi nyumbani, msingoje ripoti ya darasa ndipo mshukuru. Sisi tuligawana: kila mwenyeji aliandikiwa na mwanafunzi mmoja, ndani ya wiki, kwa jina lake mwenyewe na kwa kutaja jambo moja alilolisema. Barua moja ya pamoja yenye muhuri ingekuwa rahisi, na ingekwenda ilikokwenda ile ya kwanza. Hesabu za mwisho nazibandika hadi leo kwa yeyote anayetaka kuziona, risiti ya kila chupa ya maji.

Nafasi za mafunzo ya kazini zilitoka kwenye barua hizo za mtu mmoja mmoja. Hazikuwa nyingi. Yule mpole wa shangazi aliitwa na kampuni ile ile ya simu za mkopo, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kusikiliza simu zilizorekodiwa na kuandika ni wapi mdai alipokosa adabu. Mshahara hakupewa, alipewa nauli tu, na alilala kwa mjomba wake Umoja. Asiye na mjomba Nairobi apige hesabu ya chumba kwanza, kisha ndipo aombe.